Maswali ya Wasomaji: Kiwanda Kinahamia Mkuranga, Nami Naishi Mtwara

SWALI: Nimefanya kazi katika kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara kwa miaka tisa na miezi minne, kwa mkataba wa kudumu, katika kitengo cha kupanga madaraja. Wiki iliyopita lilibandikwa tangazo langoni kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi ujao shughuli zote zitafanyika Mkuranga, na asiyeripoti huko atahesabiwa kuwa ameacha kazi mwenyewe. Juzi tuliitwa ofisini mmoja mmoja, tukawekewa mezani karatasi iliyokwisha kuchapwa, tuchague kuhama au kujiuzulu. Mimi sijasaini. Mume wangu ni mvuvi, watoto wanasoma hapa, na mama yangu mzee ninamuuguza mimi. Nikikataa kwenda, ndiyo nimejifukuzisha kazi?
Msomaji wa Chikongola, Mtwara

JIBU: Dada yangu, kukataa kuhama si kuacha kazi, na umefanya vyema kutosaini. Kujiuzulu ni uamuzi wa mfanyakazi mwenyewe, anaoufanya kwa hiari yake. Mwajiri hawezi kumjiuzulisha mtu kwa kubandika tangazo langoni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu ajira yake, na miongoni mwa mambo yanayopaswa kuandikwa humo ni mahali pa kazi. Jambo hilo likibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, kuyarekebisha maelezo hayo na kumjulisha mabadiliko kwa maandishi. Basi tafuta mkataba wako uone mahali pa kazi pameandikwaje. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usikate tamaa, kwa sababu shauri likifunguliwa na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unakuwa wake.

Hayo hayamaanishi kwamba mwajiri hana haki ya kuhamisha mitambo yake. Anayo. Lakini kazi yako ya Mtwara ikifutika kwa sababu hiyo, kinachotokea ni kupunguza wafanyakazi kutokana na mahitaji ya uendeshaji, na jambo hilo lina utaratibu wake. Mara tu anapokusudia, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio lake, kuweka wazi habari zote zinazohusika, na kushauriana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale wasipokuwa na chama, kuhusu sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza madhara, namna ya kuchagua watakaoondoka, wakati wa kufanya hivyo na malipo yatakayotolewa. Wasipoafikiana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi. Kwa maelezo yako, nyinyi mmeletewa uamuzi uliokwisha kupitishwa pamoja na tarehe yake, na kwa maoni yangu hayo hayastahili kuitwa mashauriano hata kidogo.

Ajira ikisitishwa kwa sababu hiyo, unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo unayodai, notisi ya siku 28 au malipo yake kwa anayelipwa kwa mwezi, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi kumi. Tuchukulie kwamba mshahara wako wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa 4.333, ambayo ni wastani wa wiki katika mwezi, unapata takriban shilingi 90,000 kwa wiki. Kwa wiki ya siku sita za kazi, hiyo ni shilingi 15,000 kwa siku. Siku saba ni shilingi 105,000, na kwa miaka tisa iliyotimia ni shilingi 945,000. Miezi yako minne ya ziada haihesabiwi.

Sasa nakuomba usome hapa kwa makini, maana ndipo wengi wanapokwama. Sheria inasema kwamba mfanyakazi anayeondolewa kwa mahitaji ya uendeshaji, akakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala anayopewa na mwajiri wake au mwajiri mwingine, hapati kiinua mgongo. Mwajiri wako anaweza kudai kwamba Mkuranga ndiyo kazi mbadala hiyo. Kutoka Mtwara hadi Mkuranga ni takriban kilomita 500, safari ya kutwa nzima, kwa hiyo anayekubali kazi hiyo anahamisha maisha yake yote. Mama mgonjwa, shule za watoto na kazi ya mume baharini ni sababu nzito, lakini hazitakusaidia zikibaki moyoni. Ziandike kwenye barua. Uliza pia nani atalipa gharama za kuhama, mtakaa wapi mtakapofika, na kama mshahara utabaki uleule. Jibu atakalotoa, au ukimya wake, litapimwa pamoja na sababu zako.

Barua hiyo iseme wazi kwamba hujajiuzulu na kwamba uko tayari kuendelea na kazi Mtwara. Ipeleke ikiwa na nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Lipige picha tangazo la langoni kabla halijabanduliwa. Kisha endelea kuripoti kazini kila siku hadi utakapopewa barua, kwa kuwa kutoonekana kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi kunaweza kugeuzwa kuwa kosa la utoro. Karatasi ile ya kujiuzulu ina hasara nyingine ambayo huenda hamkuelezwa: fao la kukosa ajira la NSSF halitolewi kwa aliyejiuzulu. Inaniuma kuona mtu aliyepanga korosho kwa karibu miaka kumi akipotezewa stahiki zake kwa sahihi ya dakika moja.

Wakikuachisha kazi, unaweza kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu namba 1, ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Mkiwa wengi, nendeni pamoja, na kama kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kiwandani, viongozi wake washirikishwe leo.

SWALI: Mimi ni karani katika kampuni ya usambazaji mjini Lindi. Ofisi inahamia Mtwara. Mkataba wangu unasema nitafanya kazi “mahali popote Tanzania Bara ambako kampuni itaona inafaa”. Je, nina la kusema?
Msomaji wa Mtanda, Lindi

JIBU: Ndugu yangu, unalo, ila nafasi yako ni finyu kuliko ya dada wa Chikongola, na sipendi kukupa matumaini yasiyokuwapo. Sharti hilo ulilikubali, na linakufunga. Hata hivyo halimpi mwajiri ruhusa ya kukuamuru Ijumaa uwe Mtwara Jumatatu. Bado anatakiwa kushauriana nawe, kukujulisha kwa maandishi na kukupa muda wa kutosha wa kujipanga. Tazama kanuni za utumishi za kampuni na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, kama upo, uone zinasemaje kuhusu gharama za uhamisho. Umbali wenu ni kilomita mia na kidogo. Nauli ya kila siku itakula mshahara, kwa hiyo ombi la msaada wa nyumba au usafiri ni la haki, nawe uliwasilishe kabla ya kuhama. Usikimbilie kuacha kazi ukitegemea kudai baadaye kwamba ulilazimishwa, kwani utaulizwa kwanza kama ulitumia njia za malalamiko zilizopo kazini.

SWALI: Kaka yangu ni fundi mitambo. Aliajiriwa akiwa Tabora, akaletwa Lindi. Kampuni inahama na yeye anapunguzwa. Wanasema nauli ya kurudi si juu yao.
Msomaji wa Mingoyo, Lindi

JIBU: Ni juu yao. Ajira inapositishwa mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anatakiwa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi huko, au kulipia usafiri huo, au kumpa posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na mahali alipoajiriwa. Akicheleweshwa Lindi akisubiri, anastahili fedha za kujikimu za kila siku tangu ajira ilipositishwa hadi atakaposafirishwa. Atafute barua ya ajira au maandishi yoyote yanayoonyesha kwamba aliajiriwa Tabora, na asitie sahihi hati inayosema “nimelipwa stahiki zangu zote” kabla fedha hizo hazijafika mkononi.