Acheze kwanza au asome kwanza?

Swali: Mwanangu ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Akirudi kutoka shule anatupa mkoba na kukimbilia nje. Niliweka sheria kwamba hakuna kucheza mpaka kazi za nyumbani ziishe. Sasa kurasa mbili za hesabu zinachukua saa mbili za kulia na kufutafuta, na jioni inaisha hajacheza wala hajaelewa. Baba yake anasema nimwache acheze kwanza. Nani yuko sahihi? Masomo na michezo nivigawe vipi, kwa dakika? Na michezo ya hesabu ya kwenye simu niiweke upande gani?

Jibu: Mama, pole sana kwa jioni hizo. Kwa mtoto wa umri huo, baba yake yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini kubadilisha zamu peke yake hakutatosha, kwa sababu kinachonitia wasiwasi zaidi katika sheria yako ni lile neno "mpaka".

Mwaka 1982 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake, huko Marekani, waliwapa watoto wa shule ya awali aina mbili za vifaa vya kuchorea, zote za kupendeza. Baadhi waliambiwa wachore kwanza kwa hiki ndipo waruhusiwe kile. Wengine walivitumia kimoja baada ya kingine bila sharti lolote. Siku zilipopita, watoto wakaachwa wachague wenyewe, wale waliowekewa sharti walikuwa wamepoteza hamu na kile kifaa cha kwanza. Mtoto hujisomea ujumbe wake kimyakimya: ninacholazimishwa kukipitia ili nikifikie kizuri, bila shaka ni kibaya. Ikiwa sharti liliweza kuharibu utamu wa kuchora, fikiria linavyozifanyia hesabu. Kwa hiyo mchezo wa mwanao usiwe mshahara. Awe nao kila siku, amalize kurasa asimalize.

Na kwa nini uje mwanzo? Kwa sababu ametoka kukaa kitako. Anthony Pellegrini, aliyechunguza kwa miaka mingi mapumziko ya shuleni, aliona kwamba kadiri watoto wanavyokaa darasani bila kutoka ndivyo macho na mawazo yanavyotangatanga, na wakirudi kutoka nje wanatulia kazini zaidi. Mwanao anapoutupa mkoba anafanya kile mwili wake unachokihitaji. Sioni utovu wa nidhamu hapo.

Umetaka dakika. Anza na usingizi, maana huo ndio unaoliwa kwanza kazi zikichelewa: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kukimbia, kuruka na mengine yanayowatoa jasho. Kazi za nyumbani zina kanuni inayotumika sana Marekani, ambayo mtafiti Harris Cooper ameiunga mkono: dakika 10 kwa kila darasa. Darasa la kwanza dakika 10, la pili 20, na kuendelea hivyo. Mwanao anakaa saa mbili. Kuanzia kesho, dakika 15 zikifika funga daftari na mwandikie mwalimu chini ya ukurasa: "Ameifanya kwa dakika 15, ameishia hapa." Mwalimu anayeletewa kurasa mbili zilizokamilika hana namna ya kujua kwamba zililowa machozi.

Sasa tuje kwenye hizo kurasa zenyewe, maana hapo ndipo mchezo na masomo vinakutana. Leo mkae naye, umpe 7 + 2, kisha usiseme neno. Tazama vidole vyake. Je, anakunjua saba kimoja kimoja, halafu viwili, halafu anarudi kuhesabu vyote tisa kuanzia moja? Kama ndivyo, kila swali linamgharimu hesabu tatu, na akiteleza mahali pamoja tu anafuta na kuanza upya. Nimekaa na watoto wengi walioitwa wavivu, nikakuta wanafanya kazi mara tatu ya wenzao. Mwenzake aliyekwisha kuvuka hatua hii anaishika saba kichwani na kusema "nane, tisa", basi.

Hatua hiyo haiji kwa kuongezewa kurasa. Mchezo wa dadu unaileta vizuri zaidi. Mwaka 2008 Robert Siegler na Geetha Ramani waliwachezesha watoto wadogo mchezo wenye miraba iliyopangwa kwenye mstari mmoja na kuandikwa 1 hadi 10. Walicheza mara 4 tu ndani ya wiki 2, kila mara takribani robo saa, na uelewa wao wa namba ukapanda. Watoto waliocheza mchezo uleule wenye rangi badala ya namba hawakupanda hivyo. Kwa umri wa mwanao, chora miraba hadi 20, baadaye hadi 100. Kuna kitu kimoja ambacho wazazi hukikosea: mtoto akiwa kwenye mraba wa 5 na dadu ikamwonyesha 3, asisogee akisema "moja, mbili, tatu". Aseme "sita, saba, nane", akitaja namba anayoikanyaga. Elida Laski na Siegler walilithibitisha hili mwaka 2014: waliohesabu kutokea walipo walijifunza zaidi ya walioanzia moja kila mara. Ndiyo hesabu ileile ya 7 + 2, na hapo hakuna anayelia.

Lakini nakusihi usiugeuze kila mchezo kuwa somo. Niliwahi kuwatazama watoto wawili wakicheza duka kwa vifuniko vya chupa. Muuzaji alikuwa akibishana na mteja kuhusu chenji, na hesabu yao ilikuwa imenyooka kabisa. Mtu mzima akapita, akainama, akauliza kwa upendo: "Hivyo ni vifuniko vingapi?" Wakajibu "vinane", wakatazamana, na duka likafungwa. Mchezo wa kuigiza una kazi yake usiyoiona. Manuilenko, mtafiti wa Kisovieti, alionyesha mwaka 1948 kwamba watoto wadogo walioombwa tu kusimama bila kutikisika walichoka upesi, ila walipoigiza kuwa walinzi walisimama muda mrefu zaidi. Kule kujizuia ndiko utakakokuhitaji akiwa na daftari mbele yake, na anajizoeza kujizuia huko nje, kwa hiari yake.

Kwa hiyo ule mchezo wa dadu uuite mchezo wenu wa pamoja, na muda wa yeye kujichezea anavyotaka ubaki kando, usiguswe.

Kuhusu simu, kipimo changu ni swali moja: je, mtoto anaweza kubadilisha kanuni? Nje anaweza kusema "sasa hili jiwe ni gari", na likawa gari. Programu inayompa maswali ya kujumlisha na nyota akipatia ni zoezi. Linaweza kuwa zoezi zuri, lakini liingie ndani ya zile dakika 15, lisile muda wa kucheza wala wa kulala.

Jaribuni hivi kwa wiki 3, wewe na baba yake mkiwa na kauli moja: akifika acheze, kisha kazi fupi, kisha mchezo tena hata kama kazi haikuisha. Ikiwa baada ya hapo zile dakika 15 bado ni vita, au unaona anainamia sana daftari, anapotea mstari anaponakili, au anakuomba urudie maneno mara kwa mara, apimwe macho na masikio kabla hamjaongeza dakika hata moja.