Usilipie vyungu visivyo na tundu, utakuja kulia kama mimi

Dada, ishia hapo hapo. Usitume hiyo hela.

Umesema unataka echeveria 12 (ile mimea midogo ya majani manene yaliyojipanga kama ua) za kupanga kibarazani huko Tabata, umepata vyungu vyeupe vya kauri visivyo na tundu, na muuzaji kakwambia utandike kokoto chini "maji yajikusanye huko". Hayo maneno ya kokoto nami niliambiwa hivyo hivyo. Yalinila shilingi 284,000 na heshima yangu mbele ya ukoo mzima.

Ilikuwa send-off ya mdogo wangu, Aprili, masika yamekolea. Nikajitolea kupamba meza (nani alinituma?). Nikaagiza echeveria 24 kutoka Arusha, 7,000 kila moja, nauli ya basi 20,000. Zikafika zimeviringishwa kwenye magazeti, nzuri kama mawaridi, ule unga mweupe wa majani haujaguswa. Nikanunua vikombe 24 vya kauri, 4,000 kila kimoja. Kisha nikamfuata jamaa mmoja wa video: kokoto chini, mkaa juu yake "usafishe maji", halafu udongo mweusi wa samadi. Nikafuata kama dozi ya malaria. Maji kila Jumapili, kidogo tu, nusu kikombe cha kahawa.

Wiki ya pili majani ya chini yakageuka njano, laini, yanapitisha mwanga kama zabibu iliyomenywa. Nikamtumia picha muuzaji aliyeniuzia mimea. Akajibu: "Hiyo ina kiu, iongezee maji." INA KIU! Mtu anazama, wewe unamletea glasi! Na mimi kwa ujuha wangu nikaongeza.

Siku mbili kabla ya shughuli nikashika moja niipangusie vumbi, ua zima likabaki mkononi. Shina jeusi, linateleza, linanuka mtaro. Nikakipindua kikombe: udongo umekuwa uji, kokoto zinaogelea. Nikashika ya pili, hivyo hivyo. Zikafa 19. Zile tano zilizosalia nikaziweka meza kuu, na shangazi akauliza kwa sauti kama hizo kabichi zinaliwa na nini. Nikacheka kuliko wote. Ungefanyaje?

Sasa nenda jikoni uone huo uongo wa kokoto. Lowesha sponji ya vyombo, ishike ikiwa imelala. Itadondosha, kisha itaacha. Isimamishe wima: inadondosha tena. Maana yake ilikuwa bado na maji ila imeyang'ang'ania. Udongo nao ndivyo. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ulowe chepechepe, kwa hiyo kokoto zimekusaidia nini? Zimepandisha tope karibu na mizizi, basi. Yakishashuka, chungu hakina tundu, yanakaa humo humo. Na huu mmea kwao ni milimani Meksiko, kwenye miamba, mvua ikipita maji yameshaondoka. Majani yenyewe ni tangi. Vitundu vya majani hufunguka usiku, jua limezama, ndiyo maana hautumii maji mengi. Ukiufungia kwenye kikombe na hili joto la unyevu la Dar, unaupikia supu.

Tundu. Hakuna tundu, hakuna mmea. Usiniambie "nitamwagilia kidogo kidogo", nami nilisema hivyo.

Kama roho imeshazama kwenye hivyo vyungu, mpelekee fundi mwenye drili na biti ya vigae. Abandike utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape) pale anapotoboa, aende polepole, anyunyizie maji kisipate moto kikapasuka. Mimi alinitobolea kumi, akapasua viwili, na hela akachukua ya kumi. Ama panda kwenye kopo la plastiki ulilolitoboa, ulitumbukize ndani ya chungu chako cha urembo. Ukimwagilia, litoe, lichuruzike, ndipo ulirudishe.

Udongo uwe wa chenga: nusu yake mchanga mnene wa mto au tofali la kuchoma lililopondwa. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kikitoka na udongo umeganda, weka jagi chini uende zako. Na ukiona shina limeanza weusi, kata juu ya uozo mpaka uone nyama safi, liache kivulini siku kadhaa likauke, ndipo upande. Ndivyo nilivyookoa moja. Iko dirishani, ndani ya kopo la Blue Band nililolitoboa kwa msumari wa moto, na imeshatoa vitoto vinne.

Uliuliza pia mbolea na mambo ya rangi kupotea, nadhani. Rangi ni jua, isogeze dirishani taratibu. Mengine wengine watakujibu.

Umeshalipia au bado? Jibu hilo kwanza.