Laki nne za nini? Andika barua mwenyewe

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari, huku Kongwa. Nina shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulihusu kuimarisha plastiki iliyorejelezwa kwa nyuzi za gome la mbuyu. Natamani kusoma udaktari (PhD) wa sayansi ya polima, yaani vitu vya molekuli zenye minyororo mirefu kama plastiki, ila ada sina. Kuna mtu hapo Dodoma mjini anataka laki nne anitafutie nafasi Ujerumani. Nimpe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimpe hata mia. Udaktari wa polima Ujerumani mara nyingi ni ajira: unasaini mkataba, unalipwa kila mwezi, unakatwa kodi na bima. Vyuo vya serikali hutumia ngazi ya mshahara iitwayo E13, na mtafiti hupewa sehemu yake, aghalabu nusu hadi robo tatu. Taasisi ya Max Planck ya polima iko Mainz, ya Leibniz iko Dresden. Matangazo wanayaweka wazi kwenye tovuti zao. Tazama pia nafasi za udaktari za Marie Skłodowska-Curie, zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Hawabagui uraia; sharti ni uwe hujakaa zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoiendea ndani ya miezi 36 iliyopita. Wewe wa Kongwa hapo umeshapita.

Kazi iko kwenye barua. Mimi niliandika zaidi ya thelathini nikiwa nimepanga chumba Makulu, zote zikieleza ninavyoipenda sayansi na shida tulizokulia. Hakuna aliyejibu. Kisha nikaandika moja kuhusu utando wa wanga wa muhogo niliokuwa nikiumimina kwenye sahani za kioo. Wa Machi, mvua zikinyesha, ulikunjika vizuri kama mfuko laini. Wa Julai, kwa gliserini ileile na vipimo vilevile, ulipasuka vipande nikiubandua. Wiki mbili niliilaumu mizani. Kumbe maji ya hewani yalikuwa yakisaidiana na gliserini kulainisha minyororo ya wanga, na kipupwe cha Dodoma kilikuwa kimeyakausha. Profesa alijibu siku ya tatu kwa swali moja tu: unyevu wa chumba uliupima? Sikuwa nimeupima, nikamwambia hivyo. Ndiye aliyenisimamia.

Basi nawe mwandikie mtu kuhusu mbuyu wako. Nyuzi hupenda maji, plastiki huyakataa, kwa hiyo hazishikani vizuri. Je, uliziloweka kwanza kwenye magadi makali ya sodiamu hidroksaidi, kwa muda gani? Sampuli ilipovutwa hadi ikakatika, nyuzi zilikatika pamoja na plastiki, au zilichomoka safi na kuacha matundu? Kama zilichomoka, sema zilichomoka. Hapo ndipo penye utafiti wa miaka mitatu, na msimamizi anayefanya kazi hiyo ataliona hilo mara moja. Soma makala zake mbili kabla ya kumwandikia, barua isizidi ukurasa mmoja.

Marekani nako kuna Akron, Ohio, na Amherst, Massachusetts, penye idara za polima zenye majina. Huko mwanafunzi wa udaktari kwa kawaida hulipiwa ada na kupewa posho. Vyuo vingi vya huko hutoza ada ya maombi, kwa hiyo waandikie mapema uombe usamehewe ada hiyo.

Mweleze pia mkuu wako wa shule mapema, maana ruhusa ya masomo ya halmashauri huchukua muda. Na katika hizo laki nne, anza na pasipoti.