Jibu: Ramani ya zamani ya Tibesti haikubaliani na GPS

Jambo kaka, salamu toka Goma. Unasema Emi Koussi, ule mlima wa volkano wa Tibesti huko Chad, kwenye ramani ya zamani ya Kifaransa iko 22 kaskazini na 18 mashariki, lakini simu inakutupa zaidi ya kilomita 200 kaskazini, karibu na mpaka wa Libya.

Kabla ya kulaumu simu, soma maandishi ya pembeni mwa ramani. Ramani nyingi za Kifaransa ninazoshughulika nazo zimehesabiwa kwa gradi, siyo digrii, na longitudo zake zinahesabiwa kuanzia Paris badala ya Greenwich. Duara lina gradi 400, basi zidisha kwa 0,9. Longitudo peke yake uiongezee 2°20′14″. Latitudo usiiongezee kitu. Wengi huongeza kote na kupotea tena.

Yako: 22 × 0,9 ni 19°48′. 18 × 0,9 ni 16°12′, ongeza ya Paris, unapata 18°32′. Hapo ndipo mlima ulipo kweli!

Karatasi yako sijaiona, kwa hiyo hakikisha. Mwinuko ukitofautiana kidogo, usisogeze nukta: wapimaji wa zamani jangwani walipima mwinuko sana kwa barometa (kipima mgandamizo wa hewa), nayo huyumba na hali ya hewa. Linganisha umbo la kasoko kwanza.