Steringi hafi: hapo ndipo muvi kubwa nyingi zinaponipoteza

Mleta mada ameuliza: muvi gani maarufu ilikuangusha, na ipi uliianza bila matumaini ukaimaliza umefurahi? Wengi wametaja majina wakaishia hapo. Naomba mimi nieleze na sababu, maana nimekaa na swali hili muda mrefu na jibu langu ni moja kwa pande zote mbili. Nitataja miisho waziwazi, kwa hiyo ambaye hajaziona aruke.

Iliyoniuma kuliko zote ni Star Wars: The Rise of Skywalker ya 2019. Nimezipenda muvi hizi tangu utotoni, za zamani nazijua maneno kwa maneno, na tiketi ya hii niliikata mapema kuliko tiketi yoyote niliyowahi kukata. Taa zikazimwa, yale maandishi ya njano yakaanza kupanda, na sentensi ya kwanza kabisa ikatangaza kwamba wafu wanazungumza. Palpatine, yule mtawala mwovu wa muvi za zamani, karudi. Nikahisi baridi tumboni. Palpatine alikufa kwenye Return of the Jedi ya 1983. Darth Vader, aliyemtumikia miaka yote ile, alimnyanyua juu akamtupa shimoni ili amwokoe mwanawe Luke, na kitendo hicho kikamgharimu uhai wake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya muvi tatu nzima: baba aliyepotea anarudi kuwa baba, na anailipia. Sasa naambiwa yule aliyetupwa hakufa sawasawa. Basi Vader alilipia nini?

Ningelisamehe hilo lingekuwa peke yake. Ila muvi ile inalirudia kosa hilohilo mbele ya macho yako. Kuna mahali Rey, binti ambaye ndiye steringi, na adui yake Kylo Ren wanavutana kwa nguvu zao, wanagombea chombo kilichoko angani, na Rey anaamini rafiki yake Chewbacca yumo ndani. Ghafla radi inamtoka Rey vidoleni na chombo kinalipuka. Nilishika mkono wa kiti. Niliwaza, wamethubutu, sasa huyu binti atalibeba jambo hili mpaka mwisho. Haukupita muda tukaonyeshwa Chewbacca mzima, kumbe alikuwa kwenye chombo kingine. Baadaye roboti C-3PO anakubali kufutwa kumbukumbu zake zote ili wenzake wapate tafsiri wanayoihitaji. Anawatazama marafiki zake kwa mara ya mwisho, na mimi machozi yakanilenga kweli. Kisha roboti mwenzake R2-D2 akaja kumrudishia kumbukumbu zake. Mara mbili nimeombwa niomboleze, mara mbili nimeambiwa futa machozi, hakuna kilichotokea. Ben Solo, yaani Kylo Ren aliyegeuka kuwa mwema, alipokufa mwishoni, kifo cha kweli kile, sikuwa na kitu cha kutoa tena. Nilikitazama kwa mbali, nikisubiri wanigeuzie na hicho.

Nitende haki lakini. Leia, mama yake Ben, alinigusa. Carrie Fisher aliyemwigiza alifariki Desemba 2016, kabla muvi hii haijapigwa, na walitumia picha zake zilizokuwa zimebaki bila kutumika. Kila alipotokea watu ukumbini walinyamaza. Pale sote tulijua kwamba haturudishiwi mtu.

Tangu tukiwa wadogo tunaambiana steringi hafi, na wala sina ugomvi na usemi huo. Nimefurahia muvi nyingi sana za aina hiyo. Ugomvi wangu unaanza pale ambapo hafi yeyote wala halipotei lolote: rafiki wa steringi hafi, roboti wake hafi, adui naye hafi, nyumba ikibomoka sehemu ya pili imeshajengwa. Hapo mapigano yanabaki kelele na mwanga. Nakaa nahesabu dakika.

Kwa sababu hiyohiyo sikutoka na furaha kwenye Avengers: Infinity War ya 2018, na najua hapa nitapingwa. Pale Thanos, adui mkuu, anapopiga vidole na watu wanaanza kugeuka vumbi, mdogo wangu aliyekaa pembeni yangu alikuwa analia kabisa, amejifunika uso na kofia ya sweta. Peter Parker, yaani Spider-Man, amemng'ang'ania Tony Stark, yaani Iron Man, hataki kwenda. Kijana yule ameigiza vizuri mno. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na sauti moja tu: muvi inayofuata ya Spider-Man imeshatangazwa mpaka tarehe. Ningeliaje? Biashara ilikuwa imeshaniambia mwisho kabla mwongozaji hajaniambia.

Mwaka mmoja baadaye nikaingia kwenye mwendelezo wake, Endgame, kwa kumsindikiza huyohuyo mdogo wangu, nikijiambia nitavumilia saa tatu. Ikanigeuza. Kilichonigeuza ni uamuzi mmoja wa hadithi ambao naona haupewi sifa inayostahili. Miaka mitano imepita tangu watu wapotee, na Tony amepata binti katika miaka hiyo. Anapokubali kusaidia, anaweka sharti: waliopotea warudishwe, lakini miaka mitano isifutwe, kwa sababu ndani yake yumo mtoto wake. Mtunzi angeweza kurudisha saa nyuma na kila mtu akaamka kama alikuwa anaota. Akakataa. Watu walirudi wakakuta wengine wamezeeka, wengine wameshazoea kuishi bila wao. Na mwenzao Natasha, aliyejitoa mhanga kwa kujiachia kutoka kwenye jabali, hakurudi, na Tony hakurudi. Safari hiyo mimi ndiye niliyeazima kofia ya sweta.

Tenet ya 2020 sitaikawiza. Picha zake ni za ajabu, lakini maneno yalimezwa na muziki na barakoa mpaka nikairudia nyumbani kwa maandishi ya chini, na bado sikumjali mtu. Mhusika mkuu hana hata jina, kwenye orodha ya waigizaji ameandikwa Protagonist tu. Siwezi kumwogopea mtu ambaye sijui akipotea ataacha pengo gani na kwa nani.

Sasa niende kwenye zile zilizonifurahisha, na nianze na ile ambayo niliidharau miaka mingi: Titanic. Nilikuwa nimeshaamua ni muvi ya mapenzi ya kuwaliza watu, tena ya saa tatu na zaidi, na meli inayozama kila mtu anaijua. Tuzo zake 11 za Oscar nilizichukulia kama zilitolewa kwa ukubwa wa gharama. Mama ndiye aliyetaka tuitazame, jioni moja alipokuwa anapata nafuu baada ya kuugua, nikakaa naye kwa heshima tu. Mwanzoni kabisa kuna kijana wa timu ya utafutaji anayemwonyesha Rose, bibi aliyenusurika ajali ile, kwenye kompyuta jinsi meli ilivyozama: maji yanaingia mbele, tezi, yaani upande wa nyuma, linanyanyuka, meli inakatika vipande viwili, nusu ya nyuma inasimama wima kisha inashuka. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, kama wameshatuambia yote, tunangoja nini?"

Nilidhani ana haki. Kumbe hapo ndipo lilipo fundo lote. Kwa sababu tulishaonyeshwa mchoro ule mkavu, saa mbili baadaye tuliposimama juu ya sitaha pamoja na wale watu hatukupotea hata kidogo. Wao wanaamini meli haizami. Sisi tunatazama maji yalipofika na tunajua kinachofuata. Tezi lilipoanza kunyanyuka mama alinishika mkono, akasema taratibu, "Inakatika sasa." Alijua kabla yao. Kuna mama wa daraja la tatu anawasimulia wanawe hadithi kitandani ili wasinzie, kwa sababu ameshaelewa kwamba hakuna pa kwenda. Kuna wazee wawili wamelala wamekumbatiana na maji yanapita chini ya kitanda. Meli ya kweli ilizama tarehe 15 Aprili 1912 ikaondoka na watu wapatao 1,500, na muvi haikumrudisha hata mmoja ili sisi tufurahi. Jack anakufa. Steringi anakufa! Mama alikaa kimya mpaka majina yote yakaisha kupita. Tangu siku ile sijawahi tena kumcheka mtu anayesema analia kwa Titanic.

Mad Max: Fury Road ya 2015 niliidharau kwa trela. Magari, jangwa, moto, mtu anapiga gitaa linalotoa moto. Nikasema hii ni kelele ya saa mbili. Rafiki yangu mmoja alinibana mpaka nikakaa chini, na sasa nimeiona mara zisizopungua kumi. Hadithi yenyewe ukiisimulia ni fupi: wanakwenda, kisha wanarudi walikotoka. Lakini angalia jinsi kila kitu kinavyohesabika. Usiku, gari limekwama kwenye tope, adui anakuja na taa kali, na bunduki ina risasi chache. Max anafyatua, anakosa. Imebaki moja. Bila kubishana anampa Furiosa, mwanamke anayeendesha gari lile, kwa sababu ameshaona yupi kati yao ana shabaha, kisha anapiga goti ili Furiosa aegemeze mtutu begani kwake. Furiosa anamwambia asipumue. Ndani ya dakika hiyo moja wale watu wawili ambao asubuhi walitaka kuuana wameshaaminiana, na hakuna hotuba iliyotolewa.

Kisha kuna pigo lenyewe. Furiosa anawatorosha wanawake waliokuwa wamefungwa na mtawala katili, wanaelekea nchi ya kijani alikozaliwa, anafika, anaambiwa haipo tena: ni lile tope lenye kunguru ambalo walishalipita usiku. Anautoa ule mkono wa bandia, anatembea mchangani, anapiga magoti na kupaza sauti. Mchanga ule ni wa kweli, walipiga sehemu kubwa ya muvi kwenye jangwa la Namibia. Nchi ya kijani haikufufuliwa baadaye kwa ujanja wowote, ilikufa ikabaki imekufa, na ndiyo maana kugeuza magari na kurudi kunakuwa uamuzi mzito wa watu wasio na pengine. Ilipata Oscar sita, ikiwemo ya uhariri aliyoichukua Margaret Sixel, na kwa uhariri ule ningempa mbili.

Lazima niseme na ile inayonikatalia hoja yangu, maana nisipoitaja nitakuwa nawadanganya. The Lion King ya 2019 ina hasara ileile ya mwaka 1994. Mufasa, baba yake Simba, anakufa vilevile, tena sauti ni ya James Earl Jones yuleyule. Kwa anayejua Kiswahili muvi hii inaingia kwa mlango wa karibu, Simba, Rafiki, Pumbaa, majina tunayoyaelewa bila mkalimani, kwa hiyo niliingia na mapenzi ya tangu utotoni. Na haikunigusa. Sababu niliipata niliporudi nyumbani nikaitazama tena ile ya kuchorwa kwa mkono. Kwenye mchoro, Simba mdogo anamsukuma baba yake, anamvuta sikio, anaita msaada, kisha anajipenyeza chini ya mkono wa baba na kulala hapo. Nyusi zinapanda, mdomo unatetemeka, macho yanajaa. Ya 2019 wameitengeneza kwa kompyuta ifanane na simba wa kweli, na simba wa kweli hana nyusi za kulilia. Manyoya unaweza kuyahesabu, lakini uso umetulia kama wa mnyama aliyeshiba. Kwa hiyo hasara peke yake haitoshi, sharti pawepo na uso wa kuipokea. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 na wapo wanaoipenda kwa dhati, siwapingi, watoto wa dada yangu ni miongoni mwao.

Na niliyoifurahia kupita zote miaka ya karibuni, bila kuitegemea, ni Top Gun: Maverick ya 2022. Hapo steringi, rubani Maverick, hafi, na ulijua hafi tangu ulipokata tiketi. Mbona basi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti? Kwanza, kazi yenyewe ya marubani wa kivita inafafanuliwa kama ile meli ya Titanic: bonde hili, urefu huu, dakika mbili na nusu, ukipanda juu makombora yanakuona. Wanafunzi wanajaribu wanashindwa, wanajaribu wanashindwa, mpaka wewe uliyekaa chini unaijua njia ile kona kwa kona. Pili, Goose, rafiki wa Maverick aliyekuwa akiruka naye. Goose alikufa kwenye muvi ya 1986, na miaka 36 baadaye bado amekufa. Hakuna aliyemfufua. Mwanawe amekua, ana masharubu kama ya baba, anapiga kinanda wimbo uleule, na Maverick amesimama nje dirishani anashindwa kuingia.

Halafu Iceman, mpinzani wa zamani wa Maverick aliyegeuka rafiki. Val Kilmer aliyemwigiza alikuwa ameugua saratani ya koo na sauti yake ilikuwa imeharibika, na hawakuficha. Mhusika wake naye anaumwa, kwa hiyo anazungumza kwa kuandika kwenye kompyuta, Maverick anasoma na kujibu kwa mdomo. Ukumbi mzima tulikuwa tunasoma kwenye kioo kile pamoja naye. Kisha Iceman anainuka polepole, anasema maneno machache kwa ile sauti iliyobaki, anamtania mwenzake nani kati yao ni rubani bora, na wanakumbatiana. Mzee mmoja mbele yangu alivua miwani akaishika mkononi, hakuivaa tena mpaka ndege ziliporuka.