Aliyeuvusha ule wimbo ni Koshetz

Ndugu, umeuliza nani aliupeleka Marekani ule wimbo wa Krismasi wa kengele, «Carol of the Bells». Ni Oleksandr Koshetz, mwalimu wa kwaya kutoka Ukraine, aliyezaliwa 1875. Na kwa asili yake hauna kengele wala Krismasi! Unaitwa «Shchedryk», wimbo wa mwaka mpya: mbayuwayu anaingia uani na kumwita mwenye nyumba atoke akaone kondoo wake walivyozaa. Mykola Leontovych ndiye aliyeupangia sauti, akiujenga juu ya noti nne tu zinazojirudia mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1919 Symon Petliura, mmoja wa viongozi wa Ukraine, alimtuma Koshetz Ulaya na kwaya, ili dunia isikie kwamba Ukraine ni taifa. Ubalozi wa kuimba, basi. Wakiwa huko nje, Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, wakashika nchi, na Januari 1921 Leontovych akauawa kwa risasi nyumbani kwa wazazi wake. Oktoba 1922 kwaya ya Koshetz ikauimba «Shchedryk» katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Maneno ya Kiingereza yalikuja baadaye, 1936, kwa mkono wa mwanamuziki wa Marekani, Peter Wilhousky.

Koshetz mwenyewe hakurudi tena kwao. Alibaki New York, na miaka ya mwisho alikuwa akienda Winnipeg, Kanada, kufundisha vijana wa Kiukraine uongozi wa kwaya. Huko ndiko alikofia, Septemba 1944. Sikiliza sauti ya kwanza inavyoingia peke yake, utamsikia huyo ndege.