Bibi Harusi Si Daftari la Mazoezi

Wanangu mlioingia kazi ya kupamba, msimu huu tumeyaona tena yale yale: uso mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa juzi, shingo ya mtu mwingine, na mikono ya piko, yale maua meusi ya kuchora, inayofura kabla fungate haijaisha. Kwamba kazi mnaipenda, hakuna anayebisha. Aliyemaliza lipstiki ya mamake akiwa na miaka 5 na akachapwa, huyo ni wetu. Ila bibi harusi wa watu si daftari la mazoezi, basi sikizeni.

1. Tazama mwanga kabla hujafungua mkoba. Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, ina kuta nene, na mwanga wake waingilia kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Wewe unamketisha mtu chumba cha ndani chini ya balbu ya manjano, huoni vizuri, unaongeza rangi, unaongeza tena. Akitolewa mbele ya taa nyeupe, kinyago. Mketishe upande wa kiwanda, uso wote ukielekea mwangaza. Kama ni usiku, beba taa yako ya mwanga wa mchana, Kelvini 5,000 hadi 5,500, ikiwa imejaa chaji, maana stima hungoja ubandike kope la kwanza ndipo ikatike.

Fandesheni pimia tayani ukishuka shingoni, si mgongo wa mkono. Chora mistari 3 ya rangi tatu, ngoja dakika 10 hadi 15. Nyingi zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi hukolea au kugeuka chungwa. Mstari uliopotea ndio wake. Na shangazi aliyesimama mlangoni akisema "mtie weupe kidogo", mwitikie kwa adabu, "naam shangazi", kisha endelea na kazi yako. Rangi hafifu juu ya ngozi nyeusi haileti weupe, inaleta majivu. Weusi wa chini ya macho utangulizie rangi ya chungwa, nyembamba, ndipo konsila, ile krimu ya kufichia madoa.

2. Poda nyeupe ya silika haionekani kwa macho, lakini flashi ikipiga inarudisha mwanga wote, na picha za maisha zinatoka na miwani ya unga. Fandesheni yenye kinga ya jua ya titani dioksidi au zinki oksidi hufanya hivyohivyo. Zima taa, piga picha moja ya simu kwa flashi, ndipo useme umemaliza.

3. Joto la kaskazi. Mnadhani dawa yake ni kupaka zaidi. Kinachobanduka ni ule unene. Soma orodha ya viungo: maneno yanayoishia kwa "-cone" au "-siloxane" yakiwa mwanzoni, hiyo ni ya silikoni. Praima, ile ya kutangulia fandesheni, ya silikoni chini, fandesheni ya maji juu, na ndani ya saa moja uso unatoa vijitonge kama vya raba ya shule. Silikoni kwa silikoni, maji kwa maji, na kati ya tabaka na tabaka ngoja dakika 2 au 3. Poda ibonyezwe, isifutwe. Jasho likitoka, likaushe kwa tishu kwanza. Poda juu ya jasho ni uji. Na anayevushwa kwa mashua kwenda kijiji cha Shela, lipstiki mtie akishafika, la sivyo nikabu itaondoka nayo.

4. Piko. Hapa sote tuna hatia, wakubwa kwa wadogo. Kazi tuliikuta hivi na tukaiendeleza, kwa kuwa inalipa na ni ya haraka. Hina hutaka usiku mzima. Mteja anataka ua jeusi kwa nusu saa. Basi unachukuliwa unga wa kutia nywele weusi, unakorogwa na maji au peroksaidi, unatiwa kwenye koni, na mkono unatoka mweusi ti. Hina yenyewe haitoi weusi huo popote duniani. Weusi ule ni wa kemikali iitwayo PPD. Kwenye dawa za nywele Ulaya huruhusiwa kwa kipimo kisichozidi asilimia 2, ikae kichwani dakika chache, ioshwe. Kuchorea ngozi hairuhusiwi kabisa. Kwenye koni zetu anayepima ni nani? Kijiko na macho.

Kilichotupoteza ni neno moja: "Mwaka jana alipakwa, hakudhurika." Hivyo ndivyo inavyokuja. Mara ya kwanza huenda mwili usiseme lolote, lakini umeshaiweka alama. Mara ya pili au ya tatu, ndani ya siku 1 hadi 3, mwasho unaanza, ngozi inainuka ikifuata ua lako petali kwa petali, kisha malengelenge, kisha maji. Wengine hushikwa wiki moja au mbili baada ya kuchorwa mara ya kwanza tu. Jeraha likipona, alama ya ua hubaki miezi, na kuna linalobaki kovu. Ulijisifu kuwa mchoro wako hautoki, kweli, hautoki. Na mzio ule ni wa maisha. Binti wa miaka 20 akifika 40 akataka kuficha mvi, uso unafura mpaka macho yafumbe. Baadhi ya rangi za nguo na dawa ya ganzi ya benzokaini zinaweza kumletea balaa hilohilo, kwa hiyo yeyote aliyewahi kuungua na piko amwambie daktari wa meno mapema.

Msiniambie mlijaribu nyuma ya sikio kwa nusu saa. Mzio huu huchukua saa 48 hadi 72 kujionyesha, na tone lile la kujaribia laweza lenyewe kuuanzisha. Aliyeungua aoshe kwa sabuni na maji baridi, asitumbue malengelenge, asipake dawa ya meno wala ndimu. Akifura uso au pumzi ikimbana, hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa hina yenyewe. Gramu 100 za unga uliochekechwa kwa kitambaa chepesi, maji ya limau robo lita hivi, kidogo kidogo, mpaka iwe kama mtindi mzito. Sukari vijiko 2 vya chakula ili ishike ngozi. Mafuta ya lavenda mililita 30, si mafuta ya taa, tafadhali, wala petroli. Bandika nailoni juu yake isiingie hewa. Kwa joto letu, saa 6 hadi 12 utaona rangi ya chungwa imejitokeza juu, iko tayari. Ikae mkononi saa 6 hadi 8. Ikwangue, usiioshe, umpake mafuta ya nazi, na siku ya kwanza asiguse maji. Asubuhi itakuwa rangi ya karoti na mama mtu atakuja juu. Mwambie angoje saa 48. Ndiyo maana hina hupakwa siku mbili kabla. Viganjani na nyayoni, kwenye ngozi nene, itatoka kahawia iliyokolea karibu na weusi. Mgongo wa mkono hautafika huko, usimwahidi.

Watoto wachanga waacheni hata kwa hina safi. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, inaweza kumvunjia chembe hizo, na pwani hii upungufu huo si jambo geni.

5. Vilivyobaki ni vidogo. Brashi zisafishwe kwa spiriti ya asilimia 70, kwani ya 99 hukauka kabla haijaua kitu. Lipstiki ikwanguliwe kwa kijiti, isipite mdomo kwa mdomo. Maskara, kijiti kipya kila kuchovya. Gundi ya kope ingoje sekunde 30 hadi inate, na umwulize kama mpira humwasha, maana nyingi zina utomvu wake. Wanja wa manga wa kufungiwa karatasi, usiojulikana ulikotoka, usiutie jichoni mwa mtu, kwani aghalabu una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mkobani weka pini, tishu, na mrija wa kunywea, kwa sababu siku nzima watu 200 watamtazama bibi harusi na hakuna atakayekumbuka kumpa maji.